Magofu ya Gedi: dakika arobaini hazitoshi

Nimekwenda Gedi mara mbili, na mara hizo mbili hazikufanana hata kidogo. Mara ya kwanza nilikuwa miongoni mwa wageni kumi na wawili tuliochukuliwa hotelini na kampuni moja ya matembezi ambayo sitaitaja jina. Tulishushwa langoni saa sita ya mchana, jua likiwa utosini, tukapewa dakika arobaini, na dereva wetu, ambaye njiani alikuwa amejipandisha cheo akawa mwongozaji, akatueleza kwamba mji huu ulijengwa na Waarabu, kwamba wenyeji wake waliuhama kwa usiku mmoja, na kwamba hadi leo hakuna ajuaye sababu. Mara ya pili nilikwenda kwa matatu pamoja na shangazi yangu, mtu mzima wa miaka sabini na ushei aliyezaliwa na kulelewa katika nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani, Lamu. Tulilipa kiingilio wenyewe, tukamchukua mwongozaji wa papo hapo, tukaingia asubuhi na kutoka alasiri. Maoni haya yanahusu ziara ya pili. Ile ya kwanza naitaja kwa sababu ndiyo ziara wanayouziwa wageni wengi wanaolala Malindi na Watamu, na mtu akiishia hapo atarudi kwake akidhani ameona kuta zilizobomoka msituni, basi.

Kwa asiyepajua, magofu haya yako katika Kaunti ya Kilifi, takriban kilomita 100 kaskazini mwa Mombasa na kama kilomita 15 kabla ya kufika Malindi, karibu na mahali ambapo njia ya Watamu inaachana na barabara kuu. Ni mji wa Waswahili ulioanza kukaliwa kama katika karne ya 11 au ya 12, ukastawi zaidi katika karne ya 15, na ukaachwa mwanzoni mwa karne ya 17. Ukuta wa nje unazunguka eneo la karibu hekta 18, na ndani yake kuna ukuta wa pili unaokumbatia msikiti mkuu, jumba la mtawala na nyumba za wenye nacho. Serikali ya kikoloni iliyatangaza magofu kuwa mahali pa kumbukumbu ya kihistoria mwaka 1927; mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948 na akaendelea kwa takriban miaka kumi; leo yako chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na mwaka 2024 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Hayo yote mtu anaweza kuyasoma akiwa amekaa kwake. Kinacholipiwa kiingilio ni kingine.

Kwanza ni kivuli. Unatoka kwenye kituo cha kijiji cha Gede penye kelele za bodaboda na honi za matatu, unatembea mwendo mfupi tu, na mara unaingia chini ya miti mirefu ambako joto la pwani linabaki nyuma yako kama mtu aliyekataliwa mlangoni. Kuna mibuyu ambayo shina lake watu watano hawalizungushii mikono, kuna miti ya jamii ya mkuyu iliyoota juu ya kuta na kuteremsha mizizi hadi chini kama mshumaa unaoyeyuka, na kuna kima wanaokutazama kutoka juu ya tao la mlango kana kwamba wewe ndiye uliyekuja bila hodi. Ukiwa na subira na ukanyamaza, unaweza kumwona njule, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na nyonga za rangi ya dhahabu, akichakura majani makavu. Huyu hapatikani ila katika vipande vichache vya misitu ya pwani ya Kenya, hasa Arabuko-Sokoke ulio jirani. Sisi tulimwona mmoja, kwa muda wa kupepesa jicho. Wale wageni wa dakika arobaini, nikiwamo mimi, hatukuwa na nafasi ya kunyamaza.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana Mgiriama aliyezaliwa vijiji vya karibu. Alimsalimia shangazi, "Shikamoo, mama," akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu, tembea pole pole, magoti yangu si yako," na kuanzia hapo mwendo wa ziara ukawa ni mwendo wa magoti ya shangazi. Sikujua wakati ule kwamba hiyo ingekuwa bahati yetu. Kijana alikuwa na maelezo yake aliyoyazoea, na aliyatoa vizuri, lakini tulipofika kwenye nyumba ya tatu au ya nne shangazi alimtangulia. Alisimama mlangoni, akatazama huku na huku, akasema, "Hapa ni daka. Mgeni asiyejulikana haendi mbele ya hapa." Akapita uani, akaonyesha chumba kirefu chembamba kilichofuata: "Huu msana. Hapa wanaketi." Kisha akaelekeza kidole nyuma zaidi, kwenye chumba cha giza kisicho na dirisha: "Na kule ndani. Kule mwanamume wa nje hakuoni hata kivuli chake." Yule kijana akafunga mdomo, akacheka, akatoa simu yake na kuanza kuandika.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa kuwa kwangu hili ndilo lililobeba ziara nzima. Nyumba ile iliachwa zaidi ya miaka 400 iliyopita. Nyumba za Lamu anazozijua shangazi zilijengwa nyingi katika karne ya 18, baada ya Gedi kuwa tayari msitu. Hata hivyo, mwanamke aliyekulia katika hizi aliweza kuisoma ile bila kuambiwa, chumba baada ya chumba, kutoka mahali pa wageni hadi mahali pa siri, kwa sababu adabu iliyozipanga nyumba hizo ni moja. Hata upana wa vyumba alijua sababu yake. Mimi nilikuwa nimedhani ni umaskini wa nafasi. Yeye aliniambia kwamba chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti, na boriti ni mti wa mkoko, una urefu wake. Ndiyo maana vyumba vya mawe vya pwani yetu vinarefuka kwa ubavu wa ukuta lakini havipanuki zaidi ya hatua tatu hivi. Dari zilishaoza na kuanguka. Vipimo vya boriti vimebaki kwenye kuta.

Kutoka hapo tukafika chooni. Vyoo vya Gedi ni maarufu, na kila mwongozaji huvisimulia kwa fahari: kuna shimo lenye kiti cha mawe, kuna mahali pa kutilia maji, kuna mifereji, na katika nyumba kadhaa choo kimo ndani kabisa, karibu na chumba cha kulala. Dereva wetu wa ziara ya kwanza alivitaja kama ajabu ya dunia, kwa sauti ya mtu anayeshangaa kwamba wazee wetu walijua kunawa. Shangazi hakushangaa. "Mwislamu atajenga nyumba aache pa kuchambia na kutawadhia?" aliuliza, na swali hilo halikuhitaji jibu. Kilichomsimamisha ni kingine kabisa. Katika bafu la nyumba yao Mkomani kulikuwa na birika la maji la kujengwa, na chini ya birika, kwenye sakafu yake, bakuli la kaure lilikuwa limezamishwa ndani ya lipu, ili maji yakipungua wale samaki wadogo waliofugwa birikani ili kula viluwiluwi vya mbu wapate pa kupumzikia wasife. Alipoyaona mabirika ya Gedi aliinama, kwa taabu, akapapasa sakafu kwa kiganja akitafuta alama ya bakuli. Hakuipata. Lakini alipapasa mabirika mawili kabla ya kukubali.

Kaure, kwa hakika, haikuadimika katika mji huu. Kirkman na wafanyakazi wake walifukua vipande vya vyombo vya Kichina, vikiwamo vya enzi ya Ming, na juu ya hivyo ushanga wa Venice, taa ya chuma kutoka Bara Hindi, mkasi ulioaminika kuwa wa Uhispania, kauri (yale makombe madogo ya baharini) na sarafu za Kichina. Nyumba zikapewa majina kwa vitu hivyo: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Taa ya Chuma. Ni njia rahisi ya kutofautisha nyumba zisizo na wenyewe wa kuzitaja, na simlaumu mchimbuzi kwa kuitumia. Kasoro yake ni kwamba mgeni anayepita akisoma majina hayo anaondoka na picha ya mji uliojazwa kutoka nje, wakati sehemu kubwa kabisa ya vigae vilivyotoka ardhini katika miji ya Waswahili ni vya vyungu vya kupikia vilivyofinyangwa na wanawake wa hapa hapa. Hakuna Nyumba ya Chungu. Kirkman mwenyewe, katika ripoti yake ya mwaka 1954, aliuita Gedi mji wa Kiarabu tangu kwenye jalada, na ingawa wataalamu waliomfuata, wakiwamo Wakenya, wameonyesha kwa ushahidi mwingi kwamba miji hii ilikua kutoka kwa jamii za pwani zenyewe, zikaupokea Uislamu na kuingia katika biashara ya bahari, kauli ile ya zamani bado inatembea kwa mabasi ya watalii. Mwongozaji wetu wa papo hapo hakuirudia. Hiyo peke yake ilitosha kulipia malipo yake.

Msikiti mkuu niutaje kwa ufupi, kwa kuwa ndio unaopigwa picha zaidi na picha zinausema vizuri kuliko mimi: mihrabu ya matumbawe iliyochongwa, safu tatu za nguzo zisizobeba tena dari yoyote, ngazi ya kupandia darini mwadhini alikoadhinia kwa kuwa mnara haukuwapo, na ncha ya mkuki iliyochongwa juu ya tao la mlango mmoja. Kando yake kuna kaburi la mnara, yaani lenye nguzo ndefu ya mawe, na jirani kuna kaburi lenye maandishi ya Kiarabu yanayotaja mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mwaka huo ndio msumari ambao watafiti wamening'iniza tarehe nyingi za mji huu. Shangazi alisoma Fatiha hapo. Kijana alivua kofia yake ingawa si Mwislamu, akangoja.

Jumba la mtawala linataka muda zaidi, maana ni mkusanyiko wa nyua, kumbi na vyumba vilivyoongezwa kwa vipindi, na bila mtu wa kukuonyesha utapita kwenye ua wa mashtaka ukidhani ni ukumbi wa kawaida. Kuna hata chumba cha hazina kisichokuwa na mlango, ambacho mtu aliingia kwa kupanda ngazi na kupita kwenye tundu la juu. Lakini kilichonifanya nisimame muda mrefu hapo Gedi ni visima. Vimo kila upande, vimechimbwa ndani ya mwamba wa tumbawe, na kile cha msikiti mkuu inaonekana kilirefushwa kwenda chini baadaye. Kijana alitupa kijiwe ndani ya kimoja na hatukusikia mlio wa maji.

Hapo ndipo hadithi ya usiku mmoja inapoporomoka. Watafiti wanataja sababu kadhaa zilizokutana. Maji ya ardhini yaliteremka. Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, walipita pwani mwaka 1589, wakaiangamiza Mombasa na kusonga hadi Malindi, ambako Wasegeju waliwapiga. Mwaka 1593 Wareno walihamishia makao yao Mombasa na kuanza kujenga Ngome ya Yesu, na mtawala wa Malindi, rafiki yao, akaenda kukaa huko, kwa hiyo nguvu na biashara ya upande huu ikafifia. Kisha Waoromo walikuja kutoka kaskazini, na vijiji vingi vya bara la pwani vikaachwa. Mji uliopungukiwa na maji, wateja na usalama kwa pamoja hauhitaji jini wala muujiza ili uhamwe, na haukuhamwa kwa usiku mmoja. Ulipungua nyumba hadi nyumba, kama inavyopungua mitaa tunayoijua wenyewe. Jina Gedi nalo halikuwa lake. Inaelezwa kuwa ni neno la Kioromo lenye maana ya kitu cha thamani, na wako wanaodhani kwamba wenyeji waliuita Kilimani.

Sasa nifike kwenye swali ambalo mjomba wangu mmoja aliniuliza nilipomwambia nimelipa nauli, kiingilio na mwongozaji ili kwenda kutazama choo cha karne ya 15: je, mahali kama hapa panastahili fedha zote zinazotumika kupahifadhi? Malindi, mwendo mfupi kutoka hapo, kuna Nguzo ya Vasco da Gama, mnara mdogo mweupe wenye msalaba, uliosimama kwenye ncha ya mwamba ambao mawimbi yanautafuna kila mwaka. Kila kitabu cha safari kina picha yake. Unakumbusha siku chache za mwaka 1498, mgeni alipopata rubani na chakula na kuendelea na safari yake ya Bara Hindi. Sisemi uachwe uanguke. Lakini nguzo ile hata ikiliwa na bahari leo, tukio lake limeandikwa katika shajara, barua na ramani, na litaendelea kujulikana. Gedi haina karatasi. Wareno walikaa Malindi kwa sehemu kubwa ya karne ya 16, na maandishi yao hayautaji mji huu kwa uwazi, ingawa ulikuwa umbali wa kutembea kwa miguu kwa siku moja. Hakuna tenzi juu yake wala orodha ya masultani wake kama tuliyo nayo ya Kilwa. Kila tunachokijua kimetoka kwenye kuta hizo na udongo ulio chini yake, na kila ukuta unaoanguka unaondoka na kurasa ambazo hazikunakiliwa.

Na kuanguka si neno la kutisha watoto. Tarehe 25 Desemba mwaka 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja, jengo alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka mchana kweupe wakati ikifanyiwa ukarabati, na watu wawili wakafariki. Hilo ni jengo lililojulikana na kila mtu, lililokuwa katikati ya mji, mbele ya bahari. Gedi ina kuta za tumbawe na chokaa zisizo na paa tangu karne ya 17, zinazonyeshewa kila masika, zikiwa na miti juu yake.

Miti yenyewe ndiyo kitendawili cha mahali hapa, na kijana alitueleza vizuri kuliko nilivyowahi kusoma. Mbegu ya mkuyu inaangushwa na ndege au kima juu ya ukuta, inaota kwenye ufa, mizizi inateremka ikitafuta udongo, na kadiri inavyonenepa ndivyo inavyoupasua ukuta. Mtu mwenye panga atasema kata. Lakini mti uliokaa miaka hamsini umeshaukumbatia ukuta kiasi kwamba ndio unaoushikilia. Ukiukata, mizizi inaoza ndani, inaacha mashimo, na ukuta unaanguka misimu michache baadaye. Kwa hiyo kila mti unahitaji uamuzi wake: mche unang'olewa ungali mchanga, mti wa makamo unapunguzwa matawi ili upepo usiutikise, na ule mzee unaachwa na kuangaliwa. Juu ya hayo ni suala la kuziba nyufa. Saruji ni rahisi na ni ya haraka, lakini ni ngumu kuliko tumbawe na haipumui, hivyo maji yanayoingia ukutani hukosa pa kutokea na chumvi hulila jiwe kutoka ndani. Dawa ni chokaa ile ile ya zamani, iliyochomwa kwenye tanuu, ikazimwa kwa maji na kuachwa ilainike kwa muda mrefu kabla ya kutumiwa. Mafundi wa Lamu bado wanaijua kazi hiyo. Shangazi aliwakumbuka kwa majina yao na ya baba zao, nami sitayaandika hapa.

Kitu ambacho ziara ya kwanza ilinificha kabisa ni kwamba msitu huu haukubaki kwa bahati. Wagiriama wanaoishi jirani wamepaona hapa kuwa mahali pa mizimu ya wazee, penye kuheshimiwa, kwa namna inayokaribiana na makaya ya Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, ambayo nayo yako katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2008. Hofu na heshima hiyo ililinda miti, na miti ikazificha kuta na wachukuaji wa mawe, kwa maana jiwe la nyumba iliyohamwa ni jiwe la bure kwa anayejenga karibu, na magofu mengi ya pwani yetu yameishia ndani ya kuta za watu. Mtu anayepanga kufyeka msitu ili magofu yaonekane vizuri kwenye picha atakuwa amebomoa kile kilichoyaweka hai.

Ndiyo maana nashauri kila mgeni apitie pia kwenye banda la vipepeo la mradi wa Kipepeo, lililo ndani ya eneo hilo hilo. Mradi ulianzishwa mwaka 1993, wakati ambapo wakulima wengi waliopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba takriban 420, walitaka ardhi yake igawanywe wailime, na hawakuwa na sababu ya kutaka vinginevyo, kwa kuwa msitu uliwapa tembo wa kula mahindi yao na hakuna zaidi. Mradi uliwafundisha kufuga vipepeo wa msituni na kuuza pupa, yaani kipepeo akiwa bado ndani ya ganda lake, ambao husafirishwa kwa ndege hadi kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Mkulima akishajua kwamba mti fulani ndio chakula cha kiwavi kinachomlipia karo, haukati, na hamruhusu jirani aukate. Banda lenyewe ni dogo, dakika ishirini zinatosha, na watoto watakataa kutoka.

Makumbusho yaliyo karibu na lango ningependekeza yaachwe mwisho, kinyume na desturi. Ukianza nayo, vigae na shanga ni vitu ndani ya kabati la kioo. Ukimaliza nayo, ukiwa umeshasimama kwenye chumba ambamo kila kimoja kiliokotwa, unajikuta ukiuliza nani alikivunja.

Kwa anayepanga safari: matatu za Mombasa na Malindi zinapita kituo cha Gede mchana kutwa, na kutoka hapo kuna tuktuk na bodaboda, au unaweza kutembea. Raia na wakazi wa Afrika Mashariki hulipa pungufu kuliko wageni wa mbali, kwa hiyo beba kitambulisho. Fika mapema, kabla ya mabasi ya hoteli. Vaa viatu vilivyofungwa, kwa kuwa mizizi haina huruma, na kama unaandamana na mtu mzima panga vituo vya kupumzika, maana njia si tambarare. Usiwape kima chakula hata wakikuomba kwa macho ya yatima. Kima aliyezoea ndizi za wageni hukaa kwenye kuta kutwa nzima akisubiri, na kuta hizo haziwezi kumbeba yeye na ukoo wake. Usikanyage juu ya ukuta kwa ajili ya picha. Na mchukue mwongozaji wa hapo, patana naye mwanzoni, kisha mwulize kuhusu wale ambao nyumba zao hazionekani. Inakadiriwa kwamba watu wasiopungua 2,500 waliishi katika mji huu, na wengi wao hawakulala kwenye nyumba za mawe bali kwenye nyumba za udongo na makuti kati ya ukuta wa ndani na ule wa nje, ambako leo mgeni anaona miti mitupu. Yule kijana alitupeleka huko. Hakukuwa na la kutazama, na tulikaa robo saa.

Tulipokuwa tukitoka, nilimwambia shangazi asimame mbele ya msikiti nimpige picha. Alikataa. Alitaka turudi kwenye ile nyumba, magoti na yote, akasimama kando ya birika akiwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Nyumba yao ya Mkomani iliuzwa zamani kwa mtu wa mbali, na aliyeinunua alilivunja birika ili apate nafasi ya bomba la mvua. Picha ile ameituma kwa ndugu zangu wote, Mombasa, Muscat na kwingineko, na chini yake ameandika maneno mawili: "Choo chetu."